Magoli ya Chuma Katika Shamba la Ayo

Magoli yalikuja na lori la ngano. Dereva alikuwa amepewa mzigo ule makao makuu ya wilaya kwa sababu lori lake ndilo lililokuwa na dizeli wiki ile, na hakuna aliyemwambia amebeba nini. Yeye alidhani ni mabomba ya mradi wa maji. Alitushushia vyuma sita vyeupe, rangi yake bado inanata vidoleni, akageuza gari akaenda zake. Golikipa wetu alivipanga juu ya majani kama goli lililolala, akajilaza katikati, mikono ameitandaza.

"Kuanzia leo mimi ni golikipa wa serikali," alisema. "Mkinifunga, mmeifunga serikali."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, upande wa Mbulumbulu, baada ya mavuno. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sukari ilikuwa ya kugawiwa, na mtu aliyekuwa na betri mpya za redio alitembelewa na majirani wengi. Katika hali hiyo serikali ilikuwa imetuletea magoli ya chuma, sisi ambao tulikuwa tunachezea milingoti ya miti ya miwati iliyopinda. Wazee walikuja kuyagusa. Mmoja aliyagonga kwa fimbo, akasikiliza mlio, akasema chuma hiki kingetosha majembe ya kijiji kizima.

Mimi nilikuwa mgeni pale. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa ugonjwa wala kwa kukosa ada, bali kwa sababu lori lilisimama mbele ya shule na utingo wake alikuwa ameshikwa na homa. Nilipanda badala yake. Tangu siku hiyo nilichuma chai Kericho hadi mpaka wa Kenya ulipofungwa, nikachunga ng'ombe wa watu Arash, nikaosha masufuria katika hoteli ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, nikapakia magunia kwa mwenye duka mmoja Karatu mjini. Mbulumbulu nilifika mavuno ya mwaka uliotangulia na mashine ya kuvunia ngano, kazi yangu ikiwa kushona magunia. Mashine iliondoka, mimi nikabaki. Nilibaki kwa sababu ya mpira. Vijana wa pale walikosa beki wa kushoto, na mimi mguu wangu wa kushoto ndio wa maana.

Baba yangu alikuwa Mwiraqw, mama yangu mtu wa Kondoa, na lugha ya baba niliijua kwa kuombea chakula na kujibu salamu tu. Kwa hiyo mengi yalinipita. Uwanja tuliochezea ulikuwa tambarare moja nzuri chini ya miti ya miwati, majani yake mafupi na laini, jambo la ajabu katika nchi ile ya vilima ambako hata kuku husimama kwa kuegemea. Niliambiwa tunachezea hapo, nikacheza. Sikuuliza ni pa nani.

Aliyeuliza ni Bwana Michezo. Alikuwa afisa wa wilaya wa utamaduni na michezo, lakini watu walimwita hivyo kama walivyomwita yule wa kilimo Bwana Shamba. Alikuja wakati ngano ikiwa bado ya kijani, akapima uwanja kwa hatua zake ndefu, akamwuliza mwenyekiti wa kijiji mbele yetu sote:

"Eneo hili ni la nani?"

"Ni letu," mwenyekiti alisema.

"La kijiji?"

"Letu sisi unaotuona."

Wazee waliokuwepo walitazama fimbo zao. Bwana Michezo aliridhika, akasema kijiji kikiwa na uwanja wake, wilaya inaweza kukipa magoli, mipira na jezi mgao ukija, na timu ikaingia kwenye mashindano ya wilaya. Akaondoka, na sisi tukaanza kuota.

Tuliyasimika magoli kwa furaha. Tulichimba mashimo mpaka kiunoni, tukashindilia mawe, mtambaa wa panya ukakaa sawa kiasi kwamba golikipa alining'inia juu yake kama nyani na haukutikisika.

Siku chache baadaye, asubuhi yenye ukungu, tulikuwa mazoezini tukasikia mnyororo. Maksai wawili walitoka kwenye ukungu wakivuta plau, na nyuma yao alikuwa mwanamke mrefu, shuka begani, fimbo mkononi. Wote tulimwita Ayo, yaani mama, kama kila mwanamke wa umri ule anavyoitwa huko. Alikuwa mjane, nyumba yake iko upande wa juu, nyuma ya miti ile ya miwati. Maksai walifika kwenye goli, wakasimama, wakashangaa.

"Saita, Ayo," golikipa alimsalimu. "Umepotea njia au umekuja kusajiliwa?"

"Nimekuja kulima," alisema. "Shamba langu la juu limechoka, mwaka huu halikunipa hata mbegu. Nalima hapa kabla ya mvua." Akaigusa milingoti kwa fimbo. "Hivi vyuma mtaviweka wapi?"

Golikipa alienda kuokota mpira ambao haukuwa umepotea.

Nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake mimi mwenyewe. Nilimkuta anakunywa chai ya rangi, akanieleza kwa subira kama unavyomweleza mtoto. Mwiraqw mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Huwagawa kwa watu wawatunze, mmoja huku, wawili kule. Mtunzaji anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Lakini jambo hilo halisemwi mbele ya mgeni. Mgeni akiuliza ng'ombe huyu ni wa nani, mtunzaji husema ni wangu, na mwenyewe, hata akiwa amekaa palepale, hunyamaza. Kumtaja ni kumwanika na mali yake, na ni kumdhalilisha anayetunza.

"Ayo aliwaazima tambarare ile hivyo hivyo," alisema. "Nyinyi mkanyage majani, ardhi ni yake. Bwana Michezo alipouliza, ningesemaje? Nimtaje mjane wa watu mbele ya serikali?"

"Na yeye Ayo alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma ya wazee. Alinyamaza kama inavyotakiwa."

"Basi mwambie Bwana Michezo sasa."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. "Sasa kuna chuma cha serikali ndani. Wewe umetembea sana, lakini hilo hulijui. Chuma cha serikali kikishaingia mahali, mahali hapo panafuata chuma."

Jioni ile kijiji kilikaa mkutano. Ayo aliongea kwa Kiiraqw, kisha, alipoona mimi na mwalimu wa shule ya msingi hatufuati, akarudia kwa Kiswahili, taratibu, ili pasiwe na atakayesema hakusikia. Wakati wa operesheni ya vijiji nyumba yake ya zamani ilibomolewa, akapewa kipande cha juu chenye mawe na kile cha tambarare. Mume wake alifariki mwaka uliofuata. Tambarare aliiacha ilale, iwe malisho, mpaka itakapohitajika. Sasa imehitajika.

"Nilihamishwa mara moja," alisema. "Nilibeba mlango wa nyumba yangu kichwani. Mara ya pili sihami."

Kijana mmoja, mshambuliaji wetu, alisema serikali imetukumbuka mara ya kwanza tangu azaliwe, na magoli yakiondoka yataenda kwa majirani zetu wa Rhotia, nao Rhotia watatucheka mpaka tuzeeke. Wengine wakamuunga mkono. Mwenyekiti alisikiliza kila upande, akakata shauri kwa namna ya mwenyekiti: uwanja utabaki uwanja wa kijiji, na Ayo anaruhusiwa kulima pembeni ya mistari, kwa kibali.

"Kibali cha nini?" Ayo aliuliza. "Mtu anaomba kibali cha kuingia jikoni kwake?"

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alitoa muda. Kama kabla ya mvua za vuli kijiji kitakuwa na uwanja mwingine, Ayo atachukua chake. Kama hakuna, jambo litapelekwa kwenye kata, na kila mmoja alijua kwamba kata itaandika ilichokiona: magoli ya serikali, uwanja wa kijiji. Ayo alisikiliza, akafungua maksai wake, akawafunga kamba kwenye mlingoti wa goli la mashariki. Walilala hapo. Kuanzia siku ile kila jioni waliletwa hapo, na mazoezi yetu yakawa ya goli moja.

Usingizi ulinikosa, na si kwa ajili ya mpira peke yake. Nilikuwa nimeona uwanja ukifungwa. Kule Kericho kampuni ya chai ilikuwa na uwanja mzuri kuliko wowote niliowahi kuukanyaga, wenye majani yaliyofyekwa na chumba cha kubadilishia nguo. Wachumaji walipogoma, meneja aliufunga kwa mnyororo, na wale waliokuwa wachezaji hodari wakarudi kuwa vibarua kama sisi. Nilijifunza kwamba uwanja ni wa yule mwenye kufuli. Sasa nilikuwa naona kufuli likitengenezwa mbele ya macho yangu, na safari hii wa kufungiwa nje alikuwa mwenye shamba.

Nikaenda wilayani. Nilipanda lori la maharage mpaka Karatu, nikalala dukani kwa tajiri wangu wa zamani, kesho yake nikapata lingine. Ofisi ya Bwana Michezo ilikuwa chumba kimoja alichogawana na ngoma za kikundi cha utamaduni. Alisogeza ngoma moja nikakaa juu yake. Sikumtaja Ayo. Nilishaelewa adabu ya pale. Nilimwuliza tu, kama mtu anayependa kujua, fedha ya michezo inatoka wapi na inaendaje.

Alifurahi kuulizwa. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alinieleza kwamba wizara inaupa mkoa, mkoa unaipa wilaya, na wilaya ina barabara, visima, dawa za josho na madawati. Michezo inakaa mwisho wa foleni, na inachukua kilichobaki kwenye sufuria. Mwaka huo kilichobaki kilikuwa mabomba na makopo ya rangi. Wachezaji wote ni wa ridhaa, hakuna wa kulipwa. Ukitaka kucheza na kula kila siku, nenda jeshini, polisi au magereza. Aliyemaliza shule na kurudi shambani hayumo mahali popote.

"Na kwa nini uwanja lazima uwe wa kijiji?" nikamwuliza.

"Serikali haipandi chuma chake kwenye shamba la mtu," alisema. "Leo mnaelewana. Kesho akikasirika anafunga, na mali ya umma imefungiwa ndani. Nitajibu nini?"

Nilimweleza habari za Kericho na ule mnyororo. Akapiga meza kwa kiganja. "Ndilo hilo. Hilo hasa."

Hapo ndipo nilipokwama, maana alikuwa na haki. Sheria iliyokuwa inamnyang'anya Ayo ndiyo ingewalinda wachuma chai. Nilikaa juu ya ile ngoma nikilitafuta kosa lake na sikuliona.

"Na chuma kikiwa kimepandwa mahali pasipopasa," nikasema polepole, "kwa kutokujua?"

Mtu aliyezunguka vijiji vyote vile alijua swali lina mkia. "Nikilisikia hilo, nitayachukua magoli niyapeleke kwingine, kuna vijiji vinasubiri. Sijalisikia. Nitakuja kukagua mafuta yakipatikana, pengine kabla ya vuli. Nikikuta uwanja wa kijiji, wa kijiji kweli, mahali popote ndani ya mipaka ya kijiji, magoli yatasimama hapo. Nikikuta ugomvi, nitaondoka nayo."

Njiani kurudi nilikuwa nimeshajua mahali. Chini ya josho kulikuwa na mteremko wa ardhi ya kijiji, wenye vichaka, usiolimwa na mtu kwa sababu ng'ombe wakitoka kwenye dawa husimama hapo wakijikung'uta. Si mteremko mkali. Lakini mpira ukiwekwa juu, unafika chini peke yake.

Golikipa alisimama juu yake, akautazama mpaka mwisho. "Kipindi cha kwanza tutacheza mpira," alisema, "kipindi cha pili tutapanda mlima."

"Tutausawazisha."

"Kwa kitu gani? Kwa vijiko?"

"Kwa majembe."

"Na wewe utakuwepo? Maana tumeambiwa wewe hukai mahali mpaka ugali ukapoa."

Nilisema nitakuwepo. Nilikuwa nimeshasema hivyo mahali pengi, na huko kote niliondoka kabla ya kazi kwisha. Sijui kwa nini pale ilikuwa tofauti. Labda ni ule mlango ambao Ayo aliubeba kichwani; nilikuwa nauona kila nilipofumba macho. Asubuhi iliyofuata nilianza peke yangu kona ya juu, na nilipoinua kichwa golikipa alikuwa anachimba kona ya pili akiimba, na jioni walikuwepo wengine watatu.

Watu wa nchi ile wanajua udongo wa mteremko kama watu wa ziwa wanavyojua maji. Walinirekebisha siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nafyeka kila kitu. Wao walikata majani kwa mabonge, udongo ukiwa umeshikana na mizizi, wakayaweka kando kivulini, yarudishwe juu uwanja ukisawazika. Kwanza tulijenga ukingo wa mawe upande wa chini, halafu tukachimba upande wa juu na kuuleta udongo chini. Toroli hatukuwa nayo. Tulitumia ngozi kavu za ng'ombe: unapakia udongo juu ya ngozi, maksai anaivuta ikiteleza mteremkoni, watu wawili wanaipindua. Juu kabisa tulichimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua, kwa sababu bila huo, walisema, masika moja tu itaupeleka uwanja wetu bondeni.

Siku za kazi kubwa ziliitwa kama zinavyoitwa siku za kujenga nyumba. Kina mama walipika pombe, mitungi ikawekwa kwenye kivuli cha josho, na anayechimba ndiye anayekunywa. Hiyo ndiyo ilikuwa bajeti yetu. Wiki nyingine walikuja watu wengi, wiki nyingine tulikuwa watu watano na pombe ikawa nyingi mno. Mshambuliaji wetu hakuja. Alikuwa anapita barabarani, mikono mifukoni, akituuliza kama tumeshapata dhahabu.

Fundi mmoja Mzungu wa mradi wa maji, mtu wa nchi za kaskazini huko kwenye theluji, alisimamisha Landrover yake kutuangalia. Alijua Kiswahili cha kutosha. Nilimwuliza kwao nani anajenga viwanja. Alisema kiwanja ni cha mji, mji ndio unaolipa, na klabu yoyote ya watoto au wazee inapewa saa zake za kuchezea.

"Na majani?" nikamwuliza.

"Kuna mtu ameajiriwa. Kazi yake ni kufyeka majani ya uwanja."

Niliwatafsiria wenzangu. Golikipa aliegemea jembe lake. "Ameajiriwa na serikali kufyeka majani?" alisema. "Muulize, na ng'ombe wao wanakula nini?"

Yule fundi alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Alituachia sururu moja. Nililifikiria jibu lake siku nyingi. Kwao mji ulikuwa na fedha, basi uwanja ulikuwa wa mji. Kwetu serikali ilikuwa na mabomba sita na sheria nzuri, na kilichobaki kilikuwa migongo yetu. Sikuona aibu. Niliona kwamba kama migongo ni yetu, basi na neno la mwisho juu ya mahali pa kuchimba liwe letu, na tusichimbe kwa mtu.

Ayo hakuja kwenye kazi hata siku moja. Alipita na maksai wake kuwapeleka kwenye goli lake la mashariki, akatazama, akapita. Jioni moja nilimwambia, "Ayo, tutamaliza."

"Nimesikia watu wengi wakisema watamaliza," alijibu. "Walionihamisha walisema wataniletea mabati."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea na njia yake. Mimi nilirudi nikachimba mpaka nikawa sioni ncha ya jembe.

Mawingu yalianza kukusanyika juu ya ukingo wa bonde la ufa kabla hatujamaliza kona moja, ambako tulikuwa tumekutana na mwamba. Tuliupasha moto kwa magogo, tukaumwagia maji, ukapasuka kidogo, tukauacha uliobaki chini ya udongo. Kona hiyo mpaka mwisho ilikuwa na nundu. Lakini tulipouweka mpira katikati, ulisimama. Golikipa aliuzunguka, akalala ubavu kando yake kuukagua, akasema unafikiria.

Bwana Michezo alifika kwa pikipiki ya kuazima, amefunikwa vumbi. Kama ningeweza ningempeleka moja kwa moja joshoni, lakini yeye alifuata anachokijua, akateremka kwenye tambarare, na sote tukamkimbilia. Alikuta magoli yake. Kwenye moja wamefungwa maksai wawili, kinyesi chao kimefika mstari wa penalti. Plau ilikuwa imelala katikati ya uwanja. Ayo alikuwa amekaa juu yake.

"Huu ndio uwanja?" Bwana Michezo aliuliza.

Mwenyekiti alikuwa amekuja na wazee. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mepesi, mimi ningeyasema kwa pumzi moja, lakini mimi nilikuwa mpita njia, yangehesabika kuwa kelele. Yalitakiwa yatoke kwa mtu wa pale, mbele ya mgeni, mwenyewe akiwa amekaa anasikia. Wazee walianza kuangalia fimbo zao.

"Ndugu Afisa," mwenyekiti alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "hapa ni pa mama huyu. Alituazima. Nilikuambia ni petu kwa sababu ndivyo tunavyosema. Uwanja wa kijiji uko kule chini ya josho, tumeuchimba."

Ayo hakuinua uso. Alishika mpini wa plau kwa mikono miwili. Mzee mmoja alikohoa na kuondoka, hakupenda kuwepo. Mpaka leo sijui mwenyekiti alilipa nini kwa maneno yale katika vikao vya wazee, lakini nilimwona baadaye akikaa mwisho wa benchi kwa muda mrefu.

Bwana Michezo alitazama magoli, akamtazama Ayo, akatutazama sisi na mikono yetu. "Nionyesheni," alisema.

Aliupima kwa hatua zake. Alifika kwenye nundu, akaikanyaga, akarudi akaikanyaga tena. Alisema ni mfupi kidogo kuliko ule wa kwanza, lakini haujatoka nje ya kanuni. Aliuliza mfereji wa juu ni wa nini, akaelezwa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa ofisi: kwamba yeye hana gari, hana kibarua, hana senti ya kuhamishia magoli, na kama kuna watu wanaoweza kuyang'oa na kuyasimika huku kabla hajawasha pikipiki, ataandika kwamba aliyakuta hapa.

Tuliyang'oa. Kuyang'oa kulikuwa kugumu kuliko kuyasimika, kwa jinsi tulivyoshindilia mawe. Mshambuliaji wetu alitokea, hatukumwuliza alikuwa wapi, alishika sururu. Vyuma virefu vilibebwa na watu saba saba begani, tukipita kwenye kijia cha ng'ombe, tukipindua kona kwa kelele nyingi, golikipa akitangulia mbele kama anaongoza harusi. Mbwa walitufuata. Bwana Michezo alivua shati lake la kazi, akalikunja juu ya tangi la pikipiki, akashika mwisho wa mtambaa wa panya mmoja pamoja nasi.

Nilipokuwa narudi kuchukua chuma cha mwisho, Ayo aliniita.

"Mnaenda?"

"Tunaenda, Ayo. Tumemaliza."

"Hamjamaliza," alisema, akanyoosha fimbo. Palipokuwa na magoli palibaki mashimo manne mapana, kila moja la kutosha kuvunja mguu wa maksai. "Mlichimba nyinyi. Fukieni."

Niliwaita wenzangu. Tulirudi na majembe, tukatoa mawe, tukajaza udongo. Ayo alitembea kutoka shimo moja hadi lingine akikanyaga kwa kisigino. La tatu lilibonyea.

"Hapa bado," alisema.

"Ayo, kule afisa anasubiri," golikipa alilalamika. "Goli liko chini, golikipa yuko huku."

"Mimi pia nilisubiri. Shindilia."

Golikipa aliruka juu ya udongo ule miguu miwili pamoja, mara nyingi, mpaka ukawa mgumu. Ayo akakanyaga tena. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwafungua maksai, akawafunga kwenye plau. Kule joshoni tulisikia watu wakibishana upande upi wa goli ndio wa juu. Alininyooshea kamba ya maksai wa kushoto.

"Wewe una haraka?" aliuliza.

Nilisema sina. Nikashika kamba, nikatangulia mbele ya maksai, na mfereji wa kwanza wa plau ukakatwa kutoka kwenye miti ya miwati ukavuka katikati ya uwanja. Matone ya kwanza yalianza kudondoka tulipogeuza.